Tulipompa Mjukuu wa 2060 Kiti Kwenye Mkutano wa Maji

Ukitaka kuua mkutano wa kijiji, taja vizazi vijavyo. Mgeni anasimama, anakohoa kidogo, anatuhimiza tutunze mazingira kwa ajili ya vizazi vijavyo, watu wanapiga makofi, na wazee wa nyuma wanaanza kutafuta kofia zao. Hakuna anayepinga. Na jambo lisilo na mpinzani mkutanoni, kwa uzoefu wangu, huwa halina mwenyewe pia. Likiisha kupigiwa makofi linabaki palepale chini ya mti, watu wanakwenda zao.

Mimi ni mhazini wa chombo cha watumia maji katika kijiji kimoja cha ufukweni, wilaya ya Magu, upande wa Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria. Kazi yangu ni daftari, risiti na kugombana na watu ninaowapenda. Tuna kisima kirefu, pampu ya sola, tanki lililokaa juu ya mwamba, na vituo vya kuchotea. Ndoo ya lita 20 ni shilingi 50. Ziwa lenyewe liko hapohapo chini, maji yake ni ya bure na kichocho chake ni cha bure vilevile. Kwa hiyo bei ya ndoo kwetu si hesabu tu. Ukiipandisha ovyo, mama mwenye watoto watano anashuka ziwani na ndoo yake, na wewe mhazini unabaki na pampu nzuri isiyo na wateja.

Miaka ya mwanzo hatukuwa na la kugombania kwa sababu hatukuwa na kitu. Ugomvi ulikuja pesa zilipokuja. Salio benki lilianza kuonekana kubwa, likasomwa kwenye mkutano mkuu kama sheria inavyotaka, na mtu mmoja akasimama: "Pesa zimelala benki, sisi tunalala njaa. Bei ishuke iwe 30." Makofi ya mkutano ule yalikuwa ya kweli.

Nilijaribu kueleza. Paneli za sola zinaweza kufika miaka 25, lakini pampu iliyozama kisimani haifiki huko, na ile mashine inayobadili umeme wa jua ili uendeshe pampu haifiki pia. Zitakufa, na zitakufa bila kutuma barua. Wakanijibu, "Zikifa tutachanga." Mtu yeyote aliyewahi kuzunguka na daftari la michango anajua jibu hilo lina thamani gani. Msiba unachangiwa kwa sababu maiti iko ndani na waombolezaji wako uani. Pampu haina waombolezaji. Ikifa, kila mtu anachukua ndoo anashuka ziwani, na baada ya wiki mbili ni kama kisima hakijawahi kuwepo. Nimeona vituo vya namna hiyo katika vijiji vya jirani: nguzo ya saruji, bomba limetoa kutu, mbuzi wamelala kivulini.

Mkutano ule uliahirishwa bila uamuzi kwa sababu mvua ilinyesha. Namshukuru Mungu kwa mvua ile.

Likizo iliyofuata mpwa wangu anayesoma chuo kikuu Malimbe, Mwanza, alikuja kunisalimia. Nikamwagia malalamiko yangu yote, akasikiliza, akasema, "Mamkubwa, kuna mji Japani ulikuwa na shida kama yako hiyohiyo. Ya maji." Akanisimulia habari za Yahaba, mji mdogo katika mkoa wa Iwate, ambako mwaka 2015 wakazi waliitwa kujadili mipango ya mji wao. Baadhi waliongea kama wao wenyewe. Wengine waliambiwa wajifanye watu wa mwaka 2060, wakavishwa makoti ya sherehe ili wasisahau wao ni nani, na wakaongea kana kwamba mwaka huo umeshafika. Waliobaki na nafsi zao za leo walidai mambo ya leo. Wale wa 2060 walichagua mambo magumu, ya gharama, yasiyo na faida ya haraka. Baadaye watu wa mji uleule walikubali bei ya maji ipande kwa asilimia 6 ili mabomba yatunzwe. Walikubali wenyewe, bila kulazimishwa.

Aliyeanzisha mtindo huo ni mchumi anayeitwa Tatsuyoshi Saijo. Yeye na wenzake waliwahi kuupima kwa mchezo wa pesa: watu watatu watatu wanachagua ama kuchukua nyingi sasa na kuwapunguzia watakaofuata, ama kuchukua kidogo na kuwaachia. Makundi ya kawaida yaliyochagua kuwaachia yalikuwa asilimia 28. Pale ambapo mmoja wa wale watatu alipewa kazi ya kuwasemea watakaofuata, yakawa asilimia 60. Mtu mmoja tu, tena wa kuigiza.

Nilimwambia mpwa wangu kwamba Wajapani ni Wajapani. Lakini usiku ule sikulala vizuri, nikawa napiga hesabu kwenye daftari la maziwa. Sensa ya 2012 ilihesabu Watanzania milioni 44.9, ya 2022 ikahesabu milioni 61.7. Kwa mwendo huo watu wanakuwa mara mbili kila baada ya miaka 22 hivi. Hadi 2060 kijiji chetu kinaweza kuwa na watu karibu mara tatu ya sasa, na kisima ni kilekile. Hapo ndipo "vizazi vijavyo" walipoacha kuwa maneno ya mgeni, wakawa foleni. Niliiona kabisa ile foleni ya ndoo, inaanzia kituoni inafika kanisani.

Nikaipeleka hoja kwa mwenyekiti wetu, mzee wa Kisukuma mwenye utani mwingi. Alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akasema jambo ambalo naona liliokoa zoezi zima: "Mama, watu hawa huwezi kuwapeleka 2060 moja kwa moja, watapotea njia. Warudishe kwanza nyuma, halafu ndipo uwasukume mbele."

Ndivyo tulivyofanya. Kutoka sasa hadi 2060 ni takriban miaka 35, kwa hiyo tukarudi nyuma kiasi hichohicho, hadi 1990. Swali lilikuwa moja: waliokuwa wanaamua mambo hapa mwaka 1990 walituachia nini cha kuwashukuru, na nini cha kuwalaumu? Nilitegemea dakika kumi za maongezi. Jua lilizama tukiwa bado huko.

Kumbe kila mtu ana kesi na mwaka 1990. Walishukuriwa waliotoa eneo la zahanati bila kudai fidia. Walilaumiwa waliogawa uwanja wa shule kipande kwa kipande, kwa majina kabisa, mbele ya wajukuu zao waliokuwa wamekaa pale. Yakaja magugumaji, yalivyoziba mwalo mitumbwi ikashindwa kutoka. Yakaja mambo ya sangara, na hapo mjadala ukachukua mkondo ambao sikuupanga.

Mzee mmoja aliyekuwa mvuvi tangu utoto aliuliza: "Huyo aliyemtia sangara ziwani, alitufikiria au hakutufikiria?" Vijana wengi wanadhani sangara ni wa ziwa hili tangu kuumbwa kwake. Siyo. Aliingizwa miaka ya 1950 na 1960 kutoka maziwa mengine, na miaka ya 1980 akalipuka. Furu, samaki wadogo waliokuwa wamejaa ziwani, jamii mamia kwa mamia zisizopatikana pengine popote duniani, wakaliwa, na inakadiriwa kwamba jamii karibu 200 zilipotea. Wengine wakasema basi huyo aliyeleta hakutufikiria. Mzee akakataa: "Alitufikiria sana. Alitaka samaki mkubwa, tule, tuuze. Tumekula, tumeuza. Viwanda vya minofu vya Mwanza vimesomesha watoto wa hapa. Lakini hakuna aliyekuja kumuuliza baba yangu kama anawataka furu wake."

Nimelitafakari neno lake kuliko yote niliyosikia katika shughuli hii. Sisi tuliokuwa tunajiona wema kwa sababu tumeamua kuwaza mbali tulipata onyo mapema: unaweza kumfikiria mjukuu wako na bado ukamharibia, kwa kuwa umeamua kwa niaba yake atapenda kula nini. Tangu hapo kila lilipotolewa pendekezo la kujenga kitu kikubwa "kwa ajili ya wajukuu", kulikuwa na mtu wa kunong'ona: sangara huyo.

Siku ya pili ndiyo ikawa ya 2060. Makoti ya Kijapani hatuna. Kijana mmoja akapendekeza fulana za kampeni, kwa sababu kila nyumba inazo, tukamzomea. Mkutano ungegeuka kitu kingine. Mwishowe tukachukua khanga. Wanawake walijifunga bila maneno, wanaume wakaanza kutazamana. Mwenyekiti ndiye aliyemaliza ubishi: alisema 2060 yeye atakuwa marehemu, na marehemu hachagui anachofunikwa, akajitupia khanga begani. Watu walivunjika mbavu, na wanaume wengine wakafuata.

Masharti yalikuwa mepesi. Aliyevaa khanga haruhusiwi kusema "watakuwa", anasema "sisi". Kabla ya kuongea anajitambulisha: ana miaka mingapi mwaka huo, ni mtoto au mjukuu wa nani kati ya waliokaa pale. Sharti hili la pili lilikuwa na nguvu kuliko khanga. Mama mmoja alisimama, akasema ana miaka 35, akanyoosha kidole kwa binti yake mwenyewe aliyekuwa amepakata mtoto, akasema, "Mimi ndiye huyo hapo mnayemnyonyesha." Mwingine, kijana mkorofi ambaye nilidhani ataharibu zoezi, alijiita Nzala. Watu wakacheka, kisha kicheko kikakatika, maana Wasukuma wanajua mtoto wa jina hilo kazaliwa wakati wa njaa. Akaketi bila kuongeza neno.

Nilikuwa nimejiandaa kusikia hoja moja tu kutoka upande wa khanga: bei isishuke, akiba itunzwe. Walisema hivyo, lakini kwa kupita. Walichokazania kilikuwa kingine kabisa, na mimi mhazini sikuwa nacho hata katika ndoto.

Waliuliza mabomba yamepita wapi. Pampu imekufa, tunataka kuchimba kutafuta mpasuko, ramani iko kwa nani? Tukatazamana. Ramani iko kichwani mwa fundi mmoja, ambaye ana umri wa kustaafu na pikipiki mbovu. Waliuliza kiwanja cha kisima ni cha nani. Kila mtu akajibu kwa sauti, cha kijiji. Karatasi iko wapi? Hakuna. Marehemu mzee fulani alikitoa kwa mdomo, mbele ya watu ambao nusu yao nao ni marehemu. Basi "mjukuu" mmoja akasema kwa utulivu, "Sisi watoto wa familia ile tumeuza. Tulikuwa na shida." Akakaa. Nadhani hapo ndipo mkutano ulipata homa. Waliuliza vyoo vinavyochimbwa karibu na kisima vitakuwa vingapi watu wakiwa mara tatu. Waliuliza kwa nini mpango wa kupanua mtandao unataka nyumba ya pampu ya pili ishuke karibu na ziwa, eti kwa sababu eneo ni la bure.

Hili la mwisho lilimwamsha yule mvuvi wa zamani. Alikuwa mtoto mwaka 1961, mvua za mwaka wa Uhuru zilipoanza. Ziwa liliendelea kupanda mpaka 1964, zaidi ya mita mbili. Alionyesha kwa fimbo maji yalipofika, na fimbo yake ilielekea mahali ambapo leo kuna maduka. Miaka mingi baadaye, 2005 na 2006, ziwa lilishuka sana, watu wakaona ardhi mpya wakaishukia, wakajenga, wakalima. Mei 2020 maji yakarudi kwenye kimo cha 1964, wakahama na magodoro kichwani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani, na sisi sote tunaijua kama tunavyojua kwamba pombe ni mbaya. Kati ya 1964 na 2020 ni miaka 56. Mwenyekiti wa kijiji anachaguliwa kwa miaka mitano. Ziwa lina kalenda yake, na hakuna uongozi wa kijiji unaoishi muda wa kuiona ikifunguliwa ukurasa wa pili. Ni lazima awepo mzee mwenye fimbo, na akiondoka, awepo mtu aliyeandika aliposimama na fimbo yake. Tumeandika. Tumepiga na rangi kwenye mwamba.

Upande wa waliobaki na nafsi zao za leo nao haukuwa wa wajinga, na hapa nataka niwatetee, kwa sababu nikisimulia habari hizi mjini watu hunicheka kwamba wanakijiji hawaoni mbali. Mama mjane mmoja alisimama bila khanga: "Mnanitaka mimi, ninayekosa shilingi 50, nimnunulie pampu mtoto wa mwaka 2060 ambaye pengine atakuwa na gari?" Hakuna aliyekuwa na jibu la haraka. Hata mimi naona ana haki. Kuna namna ya kuwaza vizazi vijavyo ambayo kazi yake ni kumbebesha maskini wa leo mzigo, halafu wenye nacho wanajisifia kuona mbali.

Jibu lilitoka upande wa khanga, na lilikuwa la kibiashara. Walisema mwenye kubeba mzigo awe anayechota kwa kuuza. Tuna vijana wanaojaza madumu kwenye baiskeli na bodaboda, wanapeleka kwa wajenzi na migahawa, wanauza kwa bei ya juu kuliko ya kituo. Hao walikuwa wanalipa 50 sawa na mjane. Sasa wanalipa zaidi, tofauti inakwenda kwenye akaunti ya pampu, na wazee wasio na msaada wanachota bure kwa orodha. Bei ya wengine imebaki 50. Akaunti ya pampu ina watia saini wake tofauti na haiguswi kwa harusi ya mtu wala kwa mwenge.

Mtindo huu una mahali unapokwama, na nimepaona.

Shemeji yangu ni mvuvi. Nilikwenda kwake nikiwa bado na joto la mkutano, nikataka kumfanyia zoezi la 2060 kuhusu nyavu. Sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa: huyo bado ni mchanga. Nikamwambia avae khanga aseme kama mjukuu wake. Alinitazama kwa huruma. "Shemeji," akasema, "nyavu si zangu, mtumbwi si wangu, injini si yangu, mafuta nimekopeshwa. Nikitoka ziwani tajiri anakata chake kwanza. Huyo mjukuu atazaliwa na nani kama baba yake leo hajala?" Nikamuuliza, na ukinasa mchanga si unamrudisha? Akacheka. Samaki aliyenaswa usiku kwenye makila, nyavu ya kutega, hutoka amekufa. Ukimrudisha unamrudishia ndege.

Nilikaa kimya, maana aliyoyasema yalikuwa kweli tupu. Usiku, katikati ya maji, hakuna uamuzi uliobaki wa kufanya. Ulishafanywa dukani, siku tajiri aliponunua nyavu za macho madogo kwa kuwa ni rahisi na zinaleta chochote. Kumuita mvuvi mwenye deni aje awaze miaka 35 mbele ni kumuonea. Mwenye kuvalishwa khanga ni yule tajiri, tena asubuhi, kabla hajalipia nyavu. Kuwaza mbali kunahitaji mtu aliye na nafasi ya kuchagua, na ufanyike wakati kuchagua bado ni rahisi. Kwenye maji tulikuwa na bahati: pampu ilikuwa bado inafanya kazi, na salio lilikuwepo. Tungelifanya zoezi lile siku pampu imekufa na watu wana kiu, hata mimi ningevua khanga.

Halafu kuna ngitili. Mwenyekiti alilikumbusha hili alipoona vijana wanasifia Japani kupita kiasi. Wasukuma wamekuwa wakitenga malisho tangu zamani: mvua ikianza eneo linafungwa, ng'ombe hawaingii, mpaka kiangazi kikali ndipo linafunguliwa. Mkoani Shinyanga, miti ilifyekwa zamani za ukoloni kwa ajili ya kufukuza mbung'o, kisha kuhamia vijijini miaka ya 1970 kukavuruga utaratibu, ngitili zikabaki takriban hekta 600 mwaka 1986. Mwaka huo ukaanza mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, na kilichokuja kuzirudisha ngitili hakikuwa uzio wala mti wa ajabu. Uliwarudishia watu desturi yao. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilikuwa zimepita hekta 300,000. Mwenyekiti alitaka tuelewe zililindwa na nini. Zililindwa na dagashida, mkutano wa jamii unaokutoza faini ng'ombe wako akivuka. Babu yake, alisema, hakuwa na muda wa kuwaza mjukuu. Alikuwa anawaza faini. Kwa hiyo tulipomaliza zoezi tuliandika sheria ndogo na faini zake, tukazipeleka juu zikapitishwe. Khanga ilitusaidia kuona. Kulinda kunafanywa na faini.

Ramani ya mabomba imechorwa. Yule fundi alitembea siku nzima na kijana wa sekondari mwenye simu inayoonyesha mahali, na nakala zipo ofisini kwetu, kwa mtendaji wa kijiji na wilayani kwa RUWASA, wakala wa maji vijijini. Nyumba ya pampu ya pili imehamishiwa juu, itagharimu zaidi na itachelewa. Kuna watu wamenuna kwa sababu hiyo na wana sababu zao.

Kiwanja cha kisima ndicho kimebaki. Familia ya marehemu mzee tuliifuata, tukakaa, tukala, wakakubali kusaini ili hati ya kimila itoke kwa jina la kijiji. Wamesaini wote isipokuwa mtoto wa mwisho, kijana anayeishi Dar es Salaam. Nilimpigia simu mwenyewe, nikamwamkia vizuri, nikamweleza habari za mjukuu wa 2060 kama nilivyowaeleza hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, akasema, "Mama, mwaka huo si wa wajukuu peke yao. Mimi nitakuwa na miaka 61, nimestaafu, nataka kurudi nyumbani kujenga. Kwenye mkutano wenu mimi alinisemea nani?"

Nikamwambia hakuna. Tumekubaliana aje mwezi wa Desemba, akae kwenye kiti aseme mwenyewe. Kaka zake wameanza kumtafutia kiwanja kingine, juu kidogo ya barabara.